Superstar au Air Force 1: ipi hasa raba ya hip-hop?

Kinu_na_Mchi (mleta mada)
Wakuu, tumalize huu ubishi. Adidas Superstar ilitoka 1969, Nike Air Force 1 ikatoka 1982. Zote zilizaliwa kwenye mpira wa kikapu, zote zikatekwa na hip-hop, na hadi leo zinauzwa na sura ileile. Ipi ina haki ya kuitwa raba ya hip-hop? Hoja tafadhali, siyo matusi.

SoliNyeupe
Air Force, mada ifungwe. Superstar ni tangazo tu: kundi la rap la Run-DMC walipewa hela, wakaimba. Halafu kuvaa bila kamba ni kuiga mahabusu, leo mnatuambia ni utamaduni.

KombeMbele
Mkuu, umeigeuza historia miguu juu. Wimbo ulitangulia, hela ikafuata. "My Adidas" ni ya 1986, na mwaka huohuo pale Madison Square Garden waliwaambia mashabiki wanyanyue raba zao juu, watu wa Adidas wakiwa ukumbini wanashuhudia. Mkataba ulikuja baada ya hapo. Ukisema walipewa hela wakaimba, unawavunjia heshima vijana wa Hollis, mtaa wao kule Queens, New York.

Dada_Vinili
Mimi nimekwama kwenye "mahabusu". Ndiyo, gerezani kamba hunyang'anywa, na ndiyo kejeli waliyokuwa wakitupiwa vijana wa Queens: raba bila kamba, basi mhalifu. Wimbo ulikuwa jibu kwa kejeli hiyo. Sasa wewe unairudia leo kana kwamba umeigundua.

SoliNyeupe
Dada, povu la nini? Nimesema chanzo, sijamwita mtu mhalifu. Na bila kamba kiatu hakikai mguuni, huo ndio ukweli wa kiufundi.

KombeMbele
Kinakaa, ila kina masharti. Saizi iwe ya kubana kidogo, usiongeze nusu. Chini ya ulimi weka sponji au soksi iliyokunjwa, ulimi usimame na ukandamize mgongo wa mguu. Ukikosea saizi, kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, kitambaa cha ndani kinatoboka, ukuta wa nyuma unalala. Hapo lawama ni ya mvaaji.

Bi_Boi_Mstaafu
Na asicheze breakdance nayo! Ukizungusha miguu chini, raba inaruka hadi kwa DJ. Wachezaji walifunga kamba, tena pana: unailowesha, unaivuta hadi itanuke, unaitia wanga, unapiga pasi ikiwa bado na unyevu. Ukiipitisha tunduni, ilaze kila mstari kwa kidole. Ikijipinda mara moja, kazi yote bure. Ila wengi wao walivaa Puma Suede, ambayo hamjaitaja kabisa.

Kinu_na_Mchi
Puma tutaifungulia uzi wake. Turudi kwenye swali.

SoliNyeupe
Swali lina jibu. Nike waliisitisha Air Force, wauzaji wa Baltimore wakaidai irudi kwa rangi mpya. Watu wa Harlem, New York, wakaipa jina lao, Uptowns. Hakuna aliyelipwa hapo. Rapa Nelly alipoiimba, 2000 kama sikosei, tayari ilikuwa mfalme.

Dada_Vinili
2002. Na nyeupe tupu ina heshima siku ya kwanza tu. Siku ya tatu pua, yaani sehemu ya mbele ya vidole, imekunjamana kama uso wa mdai.

SoliNyeupe
Inakunjamana kwa asiyejua kuvaa! Pua ya Air Force ni pana na ngozi yake haina kitu cha kuishikilia, kwa hiyo nafasi tupu ndiyo inayokunjika. Chukua saizi yako kamili. Ikishakunjika, ijaze karatasi hadi pua ikaze, weka kitambaa chenye unyevu, pasi ya joto la wastani, sekunde chache, inua, rudia. Pasi ikigusa ngozi moja kwa moja, rangi ya juu inayeyuka na haina dawa.

KombeMbele
Superstar haihitaji pasi. Mbele kuna kombe la mpira, mikunjo inaanzia nyuma yake.

SoliNyeupe
Kombe hilohilo linalogeuka njano kama siagi?

Bi_Boi_Mstaafu
Njano ni mwanga wa jua, joto na hewa, hazichagui kampuni. Krimu ya peroksaidi ya 12% inasaidia: vaa glavu, ziba ngozi na mishono kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape), paka sawasawa, funika kwa nailoni, anika, geuza kila nusu saa. Krimu ikikauka mahali, unabaki na mabaka. Joto likizidi, gundi ya soli inaachia. Na msitumie jiki, ndiyo inayoleta njano zaidi.

Dada_Vinili
Mtu akiosha tu, bila peroksaidi, akaanika, mbona madoa ya njano yanatokea juu ya ngozi?

Bi_Boi_Mstaafu
Sabuni haikuisha. Suuza tena, zungushia tishu nyeupe kiatu kizima kikiwa bado na maji, kianike kivulini. Doa linahamia kwenye tishu.

Kinu_na_Mchi
Jamani, kura? Superstar au Air Force?

KombeMbele
Subiri kwanza. Mzee, kombe nalo linapakwa krimu, au soli peke yake?

Bi_Boi_Mstaafu
Linapakwa, ila kwa brashi ndogo. Krimu ikituama kwenye mifereji ya kombe, utatoka na mistari.