Levo ya 3 naichapa, levo ya 5 inanichapa, halafu mtu wa kawaida kanifunga

MwanaUjiji
Wakuu habari za jioni. Mi nipo Ujiji, chesi nimejifunzia kwenye simu mwaka huu huu, nacheza na Stockfish, ile kompyuta ya chesi ya kwenye app ya Lichess, levo ya 3 naichapa hata nikiwa nasinzia ila ya 5 sipumui. Sasa juzi nikacheza na mwalimu mmoja pale Mwanga, kanifunga mapema tu nikabaki namtolea macho. Hii kompyuta inanifundisha kweli au inanimalizia chaji?

Dagaa_Mkavu
Hizo levo za chini zimewekwa zikosee makusudi mkuu. Inacheza vizuri hatua kadhaa halafu ghafla inakutupia malkia wa bure, na we ushazoea kukaa unasubiri zawadi. Mwalimu hana zawadi 😂 Ila usijisikie vibaya, Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia wa chesi, alikalishwa na kompyuta ya IBM, Deep Blue, 1997, pointi 3 na nusu kwa 2 na nusu.

FarasiMweupe
Achana na gemu nzima kwanza. Panga ubao mwenyewe, we uwe na mfalme na ngome, yeye mfalme peke yake, weka levo ya 8 uimalize. Mi mara ya kwanza nilizunguka na ngome yangu mpaka hatua 50 zinazoruhusiwa zikaisha ikawa sare, aibu tupu. Ngome imkatie mstari asivuke, mfalme wako asogee mpaka watazamane uso kwa uso, hapo ndo unapiga cheki, yaani unamtishia mfalme wake kwa ngome, anarudi nyuma mstari mmoja, unarudia hivyo hivyo mpaka ukingoni. Na ukiwa na app ya Lichess, kucheza na kompyuta hakuli bando.

Bibi_Drafti
Mwanangu, ile gemu ya mwalimu unaikumbuka? Iingize kwenye simu ila usiwashe kompyuta kwanza, tafuta mwenyewe ulipoharibu, ndo uwashe ikusahihishe. Ukianza na jibu hushiki kitu.

MwanaUjiji
Asante bibi, shikamoo. Nakumbuka hatua kama kumi tu za mwanzo, nitamwomba mwalimu anikumbushe. Ya ngome nimejaribu sasa hivi, ya kwanza mfalme wake kaila ngome yangu kavukavu, ya pili nimembana kona hana pa kwenda na cheki sijapiga, sare. Simu imebaki asilimia 6, naingia ya tatu