Minyoo ya mbuzi: utupa unafaa?

Mfugaji, Mufindi: Wakuu, mbuzi wa kilo 20 amevimba chini ya taya. Nimnyweshe maji ya majani ya utupa?

Jibu 1: Usithubutu! Utupa ni ule ule wa kuvulia samaki, ni sumu. Funua kope ya chini: ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, damu imenyonywa. Hata mbegu za maboga zilizotwangwa, ambazo wengine huzitumia kama dawa ya minyoo, hazitamwokoa huyo.

Jibu 2: Mpe dawa ya minyoo, albendazoli ya asilimia 2.5, mililita 8, pembeni mwa mdomo. Kichwa kisiinuliwe sana, dawa itaingia mapafuni. Mwenye mimba changa asipewe.

Jibu 3: Pima kinyesi kabla, kisha baada ya siku 14. Mayai ya minyoo yasipopungua, minyoo imeshaizoea dawa hiyo.