Tupeane uzoefu: mtu mliyekutana kwa sadfa mpaka ukajiuliza hii ni nini

mtu_wa_konde: Assalaam alaykum. Juzi niko kwenye boti, natoka Malindi ya Unguja naenda Mkoani, Pemba, tulipofika usawa wa Nungwi bahari ikachafuka, mie tena hoi, bwana mmoja pembeni simjui kanipa ndimu ninuse. Tukaanza kusemezana, wa wapi wewe, wa Konde, Konde kwa nani, kwa fulani, mpaka ikatoka kuwa yeye na marehemu mama wamenyonya ziwa moja! Yaani boti nzima ile nimekwenda kukaa na mjomba wangu wa kunyonya. Leteni zenu.

mwl_hesabu: Nasomesha hesabu, haya mambo nayapenda. Watoto 23 tu darasani, uwezekano wa kuwapata wawili waliozaliwa tarehe moja unapita nusu, maana huhesabu vichwa, unahesabu jozi, na 23 wanatoa jozi 253. Wakiwa 50 ni asilimia 97, kila nikiwafanyia wanapiga makelele kama kiinimacho. Ila ukimtaka wa kulingana na tarehe yako wewe mwenyewe unahitaji watu 253 ndo ufike nusu. Na wewe wa boti hukumtafuta mjomba, angekuwa mkwe wa jirani yako au kasoma na kaka yako bado ungekuja hapa kutusimulia. Tena kazi yote kaifanya "kwa nani", Pemba kwa sensa ya 2022 tuko laki 5 na elfu 40 na ushei, ukimshikilia mtu kwa masuali hukosi udugu.

bi_kiroboto: Mwalimu ushatutoa utamu 😂 Bibi yangu na jirani zake wote vitambulisho vimeandikwa Januari mosi, na hiyo piga hesabu

kijana_wa_mtoni: Mie kinyume. Rafiki yangu wa skuli tunakaa wote Unguja, dala moja, Darajani hiyohiyo, miaka hatujaonana. Nimekuja kumuona Muscat, Ruwi, dukani, kashika kanga anauliza bei kwa Kiswahili na muuzaji anamjibu kwa Kiswahili. Pale ukikaa wiki unamaliza nusu ya Zanzibar, kila mtu anapita palepale. Kurudi nyumbani, hatuonani tena.

mama_wawili: Yangu je? Namtafuta fundi friji, samaki washaanza kunuka, nkakosea tarakimu ya mwisho, kapokea mwanamme wa Wete kanijibu kwa ukali "hapa hakuna fundi" kakata. Baada ya muda kapiga mwenyewe kuomba radhi, eti vipi friji limepona? Ndo baba watoto huyo. Samaki tulitupa.

mwl_hesabu: Hongera dada. Lakini namba ulizokosea zote ukajibiwa "umekosea" yakaisha hapo, hizo huzisimulii, ndo maana hii inaonekana muujiza.

mama_wawili: Kwani kuna mtu kakuuliza? Mahari ilishalipwa zamani, we kasahihishe madaftari.