Wapenzi wa roki, naomba ushauri kuhusu santuri ya WITCH, Lazy Bones!! (1975)

SindanoYaAlmasi (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni shabiki wa muziki wa roki, mkazi wa Dar es Salaam, na kwa wiki mbili sasa sipati usingizi mzuri kwa sababu ya santuri moja. Roki ya Zambia, ile inayoitwa Zamrock, niliijua kupitia Zango ya kundi la WITCH, iliyotoka mwaka 2023 na kuwa albamu yao ya kwanza baada ya takriban miaka arobaini. Nilipoisikia sauti ya Emmanuel Chanda, yule maarufu kwa jina la Jagari, ikiwa imezeeka lakini haijachoka, nilirudi nyuma nikatafuta kila walichorekodi miaka ya sabini, na Sogolo ilipotoka mwaka 2025 nilikuwa nimekwisha kunasa. Kwangu mimi Lazy Bones!! ndiyo kilele chao: gitaa linakwaruza, kinanda kinalia kwa mbali, na mpiga ngoma hana haraka yoyote.

Nimempata mtu mwenye nakala ambayo anasema ni ya toleo la kwanza. Naomba kujua kama ni kweli albamu hii inazishinda nyingine zote za Zamrock, kiasi kwamba mtu akiipata hapaswi kuiacha. Amenipa hadi Jumamosi.

Mzee wa Kaseti
Mtoa mada, karibu sana. Mimi ningekushauri uanze na Africa ya kundi la Amanaz, nayo ni ya mwaka 1975. WITCH wana nguvu, lakini Amanaz wana huzuni ambayo sijaisikia kwingine kokote katika roki, ile ya mtu aliyeketi barazani jioni akiwafikiria rafiki zake walioondoka. Ukipata toleo la kurudiwa lenye michanganyo miwili, mmoja mkavu na mwingine wenye mwangwi, sikiliza wenye mwangwi usiku, taa zikiwa zimezimwa. Halafu kuna Day of Judgement ya Ngozi Family, ya mwaka 1976, ambayo gitaa la Paul Ngozi humo linaunguruma kama lori linalopanda mlima. Vijana wamelijua jina hilo mwaka 2024 tu, baada ya rapa wa Marekani, Tyler, the Creator, kuchukua kipande cha wimbo wao.

BintiWaHybrid
Naheshimu mambo ya zamani, ila naona wengi wetu tunakimbilia miaka ya sabini kwa kuogopa kuhukumu muziki wa leo. From Zero ya Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, ilipotoka Novemba 2024, rafiki zangu walikataa hata kuisikiliza kwa sababu mwimbaji wao Chester Bennington hayupo tena. Mimi niliyekua na Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, niliisikiliza nikilia, na nasema bila kusita kwamba mwimbaji mpya, Emily Armstrong, hakuja kumwiga marehemu. Albamu ni fupi mno, nakiri, lakini ina uhai. Mtoa mada, nunua muziki wa watu ambao bado wanapanda jukwaani.

Karani
Mtoa mada, hujatueleza jambo moja muhimu. Huyo mtu anataka shilingi ngapi?

SindanoYaAlmasi
Hataki fedha, mkuu. Tumekubaliana kubadilishana.

Karani
Kubadilishana na nini? Usitupe habari kwa kijiko.

SindanoYaAlmasi
Samahani, sikutaka kurefusha maelezo. Ninalo kasha la santuri kumi na nne nililoachiwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa reli ya TAZARA. Ni santuri zilizochakaa, na majalada mengine yameliwa na mchwa kwenye pembe. Yeye anachukua kasha lote, mimi nachukua Lazy Bones!!. Naona ni haki, kwa sababu hizo kumi na nne sizisikilizi, ilhali hii moja nitaisikiliza kila siku. Tena nimekwisha kumpa tatu kama arubuni: Machine Head ya Deep Purple, Abraxas ya Santana na A Night at the Opera ya Queen.

Shangani
Umetoa A Night at the Opera kama arubuni? Ndugu yangu, mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946. Mimi nilikuwa na kaseti ya albamu hiyo iliyorekodiwa juu ya mawaidha, hivyo kila upande ulipokaribia kwisha sauti ya shekhe ilirudi kutukumbusha Akhera. Marehemu mama yangu alikuwa akingoja mahali hapo, kisha huitikia amina kutoka jikoni. Kaseti ile ilipotea tulipohama, na hadi leo nikiusikia muziki ule nangojea sauti ya shekhe.

MamaKamalondo
Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Baba yangu alikuwa akivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia kwa biashara, na kila aliporudi kutoka Kitwe alikuja na santuri moja ndani ya gazeti. Tusisahau kwamba muziki huu ulikua pamoja na shaba. Migodi ilipokuwa na fedha vijana walipata magitaa, na Rais Kaunda alipoagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, bendi zililazimika kutunga nyimbo zao wenyewe. Bei ya shaba ilipoanguka, kila kitu kilianguka nayo, na miaka ya themanini ukimwi ukawamaliza wengi. Katika WITCH ya mwanzo amebaki Jagari peke yake. Kwa hiyo, mwanangu, mimi sipendi kusikia santuri za marehemu zinaitwa zilizochakaa. Mjomba wako hakuacha watoto? Wameulizwa?

SindanoYaAlmasi
Shikamoo mama. Ameacha binti mmoja, anaishi Mbeya. Sijamuuliza, kwa sababu kasha lilikuwa kwetu kwa miaka kumi na hakuna aliyewahi kulidai.

Mzee wa Kaseti
Hebu tutajie na hizo kumi na moja zilizobaki.

SindanoYaAlmasi
Nyingi ni za rumba, na mbili ni za Jimi Hendrix. Nyingine inaitwa Wings of Africa, ya Musi-O-Tunya, ambayo sijawahi kuipiga kwa sababu ina mkwaruzo mkubwa upande wa kwanza. Mjomba aliinunua Nairobi mwaka 1978.

Mzee wa Kaseti
Simama hapo hapo! Musi-O-Tunya ni kundi la Zambia la akina Rikki Ililonga, na Wings of Africa ilirekodiwa Nairobi mwaka 1975. Wapo watu wanaoitafuta nakala ya zamani ya santuri hiyo kwa miaka mingi bila kuigusa kwa mkono. Unataka kutoa kito ili upate kito, na juu yake uongeze Santana na Hendrix?

Mpekuzi
Wadau, naomba nisimamishe mjadala. Hii ni chai. Mtu anayeijua WITCH hadi Sogolo, anayetofautisha toleo la kwanza na toleo la kurudiwa, ghafla hajui thamani ya Musi-O-Tunya iliyomo ndani ya kasha lake mwenyewe? Kubwa zaidi ni huo mwaka. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Fundi wa reli alikwendaje Nairobi mwaka 1978 kununua santuri za roki? Hadithi hii imetungwa ili tutoe elimu bure, au mtoa mada ndiye muuzaji mwenyewe na anapima soko.

BintiWaHybrid
Nami nilishangaa. Mtu hawezi kukosa usingizi wiki mbili kwa ajili ya albamu ambayo anaweza kuisikiliza kwenye simu yake.

SindanoYaAlmasi
Mmeniumiza, lakini nitajibu. Nimelifungua kasha sasa hivi nikiwa naandika. Juu ya jalada la Wings of Africa kuna maandishi ya kalamu ya bluu, wino umesambaa kwa unyevu: jina la mjomba, kisha "Mbeya, 1978". Neno Nairobi limechapwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, na nilipokuwa mdogo niliyaunganisha yale mawili kichwani nikadhani aliinunua huko. Kosa ni langu, na mpekuzi yuko sahihi kuhusu mpaka. Nimempigia simu binti yake, dada yangu wa Mbeya, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Anasema baba yake alipewa santuri hiyo na dereva wa treni kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, aliyeshindwa kulipa deni, na kwamba ule mkwaruzo aliufanya yeye akiwa na miaka minne, kwa msumari.

Kuhusu kutojua thamani, sikujifunza muziki huu kwa mjomba, nilijifunza kwa masikio ya simu nikiwa ndani ya daladala. Siku zote niliamini kwamba vitu vya maana viko kwa watu wengine. Na ili msinione mwongo, hii hapa nakala ya yule bwana kama nilivyoiona: jalada linang'aa na halina mkunjo hata mmoja, santuri ni nzito kuliko zote za mjomba, nyuma kuna maelezo marefu ya historia ya bendi, na chini kulia kuna kisanduku cheupe chenye mistari myeusi myembamba na namba.

Fundi Gramafoni
Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo, lakini kwa hilo lazima niseme. Kisanduku hicho ni msimbopau. Mwaka 1975 hapakuwa na msimbopau kwenye santuri yoyote ya Zambia. Mashine za kuusoma zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutumika katika maduka ya vyakula huko Marekani, mwaka mmoja tu kabla. Tena bendi iliyokuwa bado changa haikuwa na historia ndefu ya kuchapisha. Hiyo ni nakala iliyorudiwa karne hii. Ni santuri nzuri, pengine sauti yake ni safi kuliko ya asili, lakini dukani ni ya bei ya kawaida. Sitaki kumwita mtu mwizi, huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Jumamosi nenda na tochi ya simu, iinamishe santuri, usome alama zilizokwaruzwa kwenye sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Zipige picha utuletee.

Mpekuzi
Naondoa neno langu, mtoa mada. Unisamehe. Lakini Jumamosi usiende na kasha.

MamaKamalondo
Na ule upande wa pili wa Wings of Africa, ambao mtoto hakuufikia kwa msumari, umewahi kuusikiliza?

SindanoYaAlmasi
Nimeupiga sasa hivi, mama. Ngoma zake ni za kwetu kabisa, halafu tarumbeta zinaingia pale ambapo nilikuwa nangojea gitaa. Bado nasema Lazy Bones!! ni bora zaidi, na sitabadilisha kauli kwa sababu ya mchwa na wino. Lakini nimeurudia mara tatu.

Jumamosi nitakwenda bila kasha. Nitamwomba anirudishie tatu zangu, na nikikuta alama ni kama alivyosema fundi, nitamuuliza kama ataniuzia hiyo hiyo ya kurudiwa kwa bei ya dukani. Dada yangu ameomba nimrekodie upande wa kwanza, pamoja na mkwaruzo wake.