Dawa za sukari za miti shamba: zipimwe kwanza au ziuzwe tu?

Mkuki_Moyoni: Wadau, kila stendi siku hizi kuna chupa ya "dawa ya sukari": zambarau, mlonge, mwarobaini, tunda chungu la karela. Mimi naona zisiuzwe mpaka zipimwe kwa wagonjwa. Tusirudie yale ya Babu wa Loliondo na kikombe chake cha dawa ya miti.

Binti_Ngorongoro: Loliondo imeingiaje hapa? Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, vigogo na walalahoi, kikombe shilingi 500. Leo Babu yuko kaburini ndiyo mnamfanya mfano wa utapeli? Muacheni mzee apumzike.

Tabibu_Mtaa: Dada, hakuna aliyemtukana marehemu. Kilichouma ni watu kuacha ARV na insulini baada ya kikombe. Na majani siyadharau: metformini, kidonge cha sukari cha hospitali, asili yake ni mmea wa Ulaya, galega. Kemikali yake ya kwanza ilikuwa na sumu, wakatengeneza nyingine inayofanana nayo, mpaka daktari Sterne alipoipeleka kwa wagonjwa Ufaransa, 1957.

Muuza_Karela: Kwa hiyo Mzungu akichemsha ni sayansi, bibi yangu akichemsha ni ushirikina! Muhimbili kuna taasisi ya dawa asili miaka nenda rudi. Mimi niko sokoni, sijaona mtu aliyekuja kuchukua karela yangu akaipime.

Tabibu_Mtaa: Mkuu, na hata wakipima, wengi huanzia kwa panya. Panya anadungwa kemikali ya aloksani, seli zinazotengeneza insulini zinakufa, kisha anapewa majani. Binadamu mwenye kisukari cha aina ya pili haugui hivyo. Brazili walijaribu chai ya zambarau kwa wagonjwa wenyewe, sukari haikushuka.

Mama_Buza: Nyie bishaneni. Mama yangu alimeza kidonge cha sukari, glibenklamidi, asubuhi, akaongezea juisi ya karela kwa sababu muuzaji alimwambia "haina madhara, changanya tu". Usiku tumemkuta kanga imelowa jasho, anaongea maneno hayaeleweki, mashine ya sukari inasoma 2.1, chini mno. Nikampaka asali kwenye fizi huku nalia. Halafu mtu anasema haina madhara!

Muuza_Karela: Pole, mama. Lakini alikula usiku ule?

Mama_Buza: Unaniuliza mimi kama nilimpa mama yangu chakula? Futa hilo swali.

Binti_Ngorongoro: Kaka, hapo umekosea. Omba radhi.

Muuza_Karela: Sijamtukana mtu. Vidonge hivyo bila chakula vinashusha sukari vyenyewe, muulizeni Tabibu.

Tabibu_Mtaa: Ni kweli, vinashusha. Na karela nayo ikishusha, vinaongezeana. Ndiyo maana nataka muuzaji aandike kwenye chupa kuna nini na kiasi gani, nikijua nipunguze kidonge. Sasa hivi nakisia.

Mkuki_Moyoni: Turudi kwenye mada jamani, zipimwe au zisipimwe?

Mama_Buza: Mada kwangu ni mashine. Vijiti vya kupimia vimeisha tangu wiki iliyopita na duka la hapa wamepandisha bei. Wa Temeke mnanunulia wapi?