Boma la zahanati yetu limekaa kwenye lenta tangu 2018, wananchi wamechoka kuchanga, nifanyeje?

Katibu wa Kamati

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na kama kuna mafundi au watu wa halmashauri humu ndo nawahitaji zaidi.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi kijijini kwetu, huku kanda ya ziwa, kijiji sitakitaja. Mwaka 2017 tulikaa mkutano mkuu tukakubaliana tujenge zahanati yetu maana tunayoitegemea iko kilomita 17 na masika yakichanganya ule mto haupitiki kabisa. Kila kaya ikatoa elfu kumi, asiye na hela alisomba mawe, vijana wakachimba mchanga mtoni, akina mama walibeba maji kichwani asubuhi kabla ya kwenda shamba. Msingi uliisha wiki sita tu, spidi ile hata mimi sikuamini. Mwisho wa 2018 ukuta ukafika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, tukachinja na mbuzi.

Hapo ndo tumekaa mpaka leo.

Jana nimepita pale nikakaa kama nusu saa naangalia tu. Zile nondo za nguzo za baraza zimejitokeza juu zimekuwa nyekundu, ukizishika kutu inabaki kiganjani. Chumba tulichosema cha kujifungulia kimeota mpapai, na umezaa. Mbuzi wanalala mapokezi.

Tulichangisha tena 2020 na 2022, ikapatikana kidogo, tukanunua mbao chache na saruji, mbao zikaliwa na mchwa stoo. Tuliambiwa tukifika lenta halmashauri itamalizia, kila mwaka tunaambiwa tupo kwenye bajeti. Sasa serikali ya kijiji inataka tarehe 14 nisimame nitangaze mchango mwingine wa elfu 15 kila kaya. Kusema ukweli naogopa kusimama. Watu wataniuliza hela za mwanzo ziko wapi, na hazijaliwa, vocha za malipo ninazo zote, ila nitawaelezaje kwamba miaka yote hii jengo la vyumba saba halijaisha?

Maswali yangu ni kwanini hizi kazi zinakwama hivi, na nitangaze huo mchango au nisitangaze?

Kamba na Timazi

Pole sana katibu. Mimi ni fundi, maboma ya aina hiyo nimesimamisha mengi tu, ya zahanati na ya madarasa, nikwambie kitu ambacho wanakijiji huwa hawaambiwi siku ya kwanza.

Mtu akiona ukuta umefika lenta anajua nyumba imebaki kidogo. Kimacho ni kweli, kihela sio kweli hata kidogo. Hapo hujapaua, hujapiga plasta, sakafu bado, milango na madirisha bado, dari, rangi, umeme, mfumo wa maji, shimo la choo. Kwa ufupi hela kubwa iko mbele yenu bado.

Na angalia kitu kingine. Mpaka lenta mlikuwa mnatumia nguvu zenu, mawe ni ya kwenu, mchanga wa kwenu, maji ya kwenu, saidia fundi ni vijana wenu, kitu mlichonunua kwa hela ni saruji na nondo basi. Kuanzia lenta kwenda juu nguvu haisaidii tena. Bati huwezi kulisomba mtoni, mbao yenye dawa huwezi kuichimba, kitasa, kioo, waya wa umeme vyote vinatoka dukani na mwenye duka anataka pesa. Ndo maana ukizunguka nchi hii maboma mengi yamesimama sehemu ileile moja, kwenye lenta, sio kwamba watu wa sehemu zote hizo ni wavivu au wezi.

Halafu zile nondo usizichukulie poa. Chukua brashi ya waya sugua, kama kutu ni ya juujuu inatoka na nondo iko salama. Kama inabanduka magamba na nondo imekuwa nyembamba, hizo hazifai kubeba kitu, mtakata na kuunganisha upya. Na mng'oe huo mpapai kabla mizizi haijaingia kwenye msingi.

mama Kulwa

Mimi nimesoma nikaishia kwenye hicho chumba cha kujifungulia. Mwanangu wa pili nimemzalia njiani kwenye bodaboda, dereva alisimama pembeni akageuka akanipa shati lake. Kwahiyo katibu naomba usichoke, wanawake wa hapo kwenu wanaliangalia hilo boma kila siku wanapoenda kisimani hata kama hawasemi.

Kwetu pia lilikaa miaka. Kilichotufungulia njia ni mwenyekiti mpya, alichukua vocha zote kama hizo zako akakaa na walimu wawili wa shule ya msingi wakaandika kila kitu kwenye karatasi kubwa, kaya gani ilitoa ngapi, saruji mifuko mingapi, bei gani, siku gani, wakabandika ukutani ofisi ya kijiji wiki mbili KABLA ya mkutano. Watu walikuja wakasoma wakajitafuta majina yao. Siku ya mkutano hakuna aliyeuliza hela iko wapi, waliuliza bati zinahitajika ngapi.

Sungusungu Mstaafu

Mama Kulwa upo sahihi lakini tusidanganyane, hela za michango zinaliwa. Kwetu mifuko ya saruji ilitoka stoo usiku, tukaikuta imejenga duka la mtu. Mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa. Katibu wewe unasema vocha zipo, sawa nakuamini, ila usiwalaumu watu wakiuliza.

Kamba na Timazi

Wizi upo mkuu sikatai, nimeshuhudia pia. Ila hata pale ambapo haijaibiwa shilingi kazi inakwama, na hii kesi ya katibu ni mojawapo. Hela ikija kidogokidogo inaliwa na muda wenyewe. Umenunua saruji mwezi wa tatu, mbao unangoja mwezi wa tisa, saruji imeganda. Umenunua mbao, bati hakuna, mchwa kamaliza. Mwaka ujao bei imepanda, unachangisha upya kununua kitu kilekile. Hapo hakuna mwizi wa kumkamata.

Kipimo Kwanza

Nimefanya kazi idara ya ujenzi halmashauri moja miaka mingi, nimestaafu, ngoja niongee upande ambao katibu hauoni.

Kwanza hiyo "mpo kwenye bajeti". Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Kuwemo kwenye kitabu cha bajeti maana yake mmeombewa, haimaanishi hela imeshafika. Inategemea makusanyo ya ndani na kinachoshuka kutoka hazina, na ikichelewa ikaja mwezi wa tano mnabaki na wiki chache za kutangaza, kupata mzabuni na kununua, na siku hizi manunuzi yote yanapita kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mtendaji wa kijiji chenye mtandao wa kusuasua anapanda mlimani kutafuta network. Ikikosekana mwaka huo mnaandikwa upya.

Pili, mlianza kipindi ambacho nchi nzima ilikuwa inaanza. Ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 mpaka 2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Nia nzuri sana, na wananchi waliitikia kweli kweli, ila maboma yaliinuka haraka kuliko hela ya kuyamalizia. Kwahiyo nyinyi mko kwenye foleni, na kwenye foleni anayetangulia mara nyingi ni yule ambaye makaratasi yake yamekamilika.

Angalia tofauti hela ikija kamili. Mwaka 2021 zile trilioni 1.3 za UVIKO-19, mkopo wa IMF, zilijenga madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, milioni 20 kila darasa, kazi ikaenda ndani ya miezi michache watoto waingie Januari 2022. Mafundi walikuwa walewale na halmashauri zilezile. Hela ilikuwa mezani kabla ya tofali la kwanza, na ramani ilikuwa moja nchi nzima.

Sasa katibu nijibu mambo mawili. Mlijenga kwa ramani ya wizara au ya fundi? Na je mliibadilisha njiani?

Katibu wa Kamati

Asanteni sana, nasoma kila mstari. Mzee Kipimo umenigusa penyewe. Ramani tulipewa na mhandisi wa wilaya, lakini tulipofika madirisha diwani wa wakati huo akasema tuongeze chumba kimoja nyuma kiwe cha mama na mtoto, tukavunja ukuta wa nyuma tukaanza msingi mwingine pembeni. Ile nyongeza ilikula saruji ya lenta ya baraza. Karatasi yake haipo, fundi alichora chini na kijiti.

Boksi la Berlin

Wakuu mimi niko Ujerumani, watu wanadhani huku hayo hayapo. Uwanja wa ndege wa hapa Berlin ulianza kujengwa 2006, sherehe ya ufunguzi ikapangwa Juni 3, 2012, maandalizi ya sherehe yanaendelea, zikiwa zimebaki wiki chache wakatangaza haufunguliwi. Mfumo wa kuzuia moto na kutoa moshi ulikuwa haufanyi kazi inavyotakiwa. Ukafunguliwa Oktoba 31, 2020. Moja ya sababu kubwa ni hiyohiyo ya katibu, jengo linaendelea na ramani inabadilishwa, wameongeza eneo, wamehamisha vitu, kila badiliko linavuruga la mwenzake. Hela walikuwa nayo na wahandisi wa kumwaga.

Na nyumbani tumeona, reli ya kisasa ya SGR Dar mpaka Moro kazi ilianza April 2017 kwa mkataba wa miezi 30, abiria wamepanda Juni 2024. Kwahiyo katibu usione aibu ya kusimama mbele ya watu, waambie ukweli wote.

Sungusungu Mstaafu

Ila tofauti ni kwamba treni ikichelewa tunapanda basi. Mama mwenye uchungu anapanda nini.

Kipimo Kwanza

Kweli kabisa mkuu, ndo maana nataka katibu atoke hapa na kazi ya kufanya.

Usitangaze elfu 15 tarehe 14. Hiyo namba imetoka wapi? Kama hakuna aliyepima, ni namba ya hewani na itaishia mbao chache tena. Andika barua kupitia mtendaji, nenda mwenyewe kwa mhandisi wa halmashauri, mwombe aje akague boma na akuandikie makadirio ya kazi iliyobaki, na hiyo nyongeza aichore rasmi au aseme iachwe. Iachwe ndo ushauri wangu, msingi wake utakaa, mtakuja kuimalizia jengo kuu likishafunguliwa. Ambatanisha picha, muhtasari wa mkutano, na hesabu ya nguvu za wananchi mpaka sasa, mawe, mchanga, maji, vyote mvigeuze kuwa shilingi. Hela za kumalizia maboma ya zahanati ambazo zimekuwa zikishuka ni kama milioni 50 kwa boma, na anayezigawa anataka kuona hilo boma litafunguka kweli akizileta.

Na hapa wengi wanakosea, paa likiisha bado zahanati haijafunguliwa. Wataulizia choo, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, maji, na nyumba ya mtumishi. Nimeona majengo yamepakwa rangi yamefungwa kufuli kwa kukosa hivyo. Sasa angalia, shimo la kondo na choo ni kuchimba na mawe, hivyo ni vitu vya nguvu zenu. Waombe watu hicho wanachoweza kukitoa mwezi huu.

mama Kulwa

Hapo mzee umesema. Watu wamechoka kutoa hela isiyoonekana, kuchimba hawajachoka.

Kamba na Timazi

Naongezea ya kifundi. Kama itapatikana hela yoyote kabla ya serikali, usinunue mbao mwezi huu na bati mwakani. Weka benki akaunti ya kijiji mpaka itoshe paa lote, ununue mbao, bati na misumari wiki moja na fundi apande wiki hiyohiyo. Kabla ya kupaua gonga tofali za juu ya lenta kwa nyundo, zilizolegea zitoe, miaka saba ya mvua sio mchezo. Zile nondo zipakwe uji wa saruji baada ya kusugua zisiendelee kuoza.

Katibu wa Kamati

Wakuu nimerudi, siku tatu zimepita. Leo nilifika halmashauri saa mbili asubuhi, mhandisi nimempata, atakuja Alhamisi, mafuta ya pikipiki kijiji kinatoa. Mwenyekiti nimemuonyesha huu uzi wote, hakupenda mwanzoni, baadaye akasema sawa mchango usitangazwe.

Jana jioni na vijana wanne tulipeleka brashi ya waya. Nondo kumi na mbili zimetoka safi, nne zimekwisha, nimezifunga kitambaa mhandisi azione. Mpapai tumeung'oa. Papai zilizoiva tulimpelekea bibi mmoja anayekaa jirani na boma, ndiye aliyekuwa anazalisha wanawake wa hapa tangu mimi sijazaliwa, akauliza shimo tunaanza kuchimba lini ili awaambie wenzake walete majembe.

Nimemwambia Jumamosi.

Mzee Kipimo, shimo la kondo linakaa umbali gani kutoka kisimani? Kisima chetu kiko upande wa chini wa boma.

Kipimo Kwanza

Msichimbe upande huo kabisa, maji ya ardhini yanafuata mteremko. Subirini Alhamisi mhandisi aje na afisa afya, wawaonyeshe sehemu na kina, ndo Jumamosi muanze. Choo pia kisielekee kisimani.

Katibu wa Kamati

Sawa mzee, nampigia afisa afya sasa hivi.