Naomba ushauri: fitolithi za mpunga, wa kulimwa au wa porini?

Habari zenu wakuu, niko kwenye utafiti wa udongo wa kijiji cha kale huku Pemba na naombeni msaada kwa waliowahi kufanya fitolithi, yaani vile vijiwe vya silika vinavyojengeka ndani ya mmea na kubaki ardhini hata jani likishaoza au kuungua.

Kwenye maikroskopu nimepata zile za umbo la feni ya mkono kutoka kwenye majani, pembeni zina magamba kama ya samaki, nikihesabu nyingine zina 7 nyingine 10 na zaidi. Wale waliochimba Shangshan kule China, kwenye mpunga wa miaka kama 10,000 iliyopita, wanachukulia magamba 9 kwenda juu kuwa dalili ya mpunga wa kulimwa. Sasa huku kwetu kuna mpunga pori wa kiafrika unaoota kwenye mabonde, hicho kipimo cha China kweli kinatufaa? Naona kama ni hatari kukikopa hivihivi.

Zile za nundu mbili za kwenye maganda ya punje ninazo chache mno. Nianze kukusanya mpunga pori wa sasa nilinganishe, au nitafute kwanza punje zilizoungua?